Bustani Kwenye Zizi la Zamani

Severina alianza kuchimba uwanja wake mwezi Juni, wakati kijiji kizima cha Nduguti kilikuwa kimeshaweka majembe ndani. Mtama ulikuwa ghalani, alizeti imevunwa, na mvua haingerudi mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Huku kiangazi ni msimu wa ng'ombe. Mavuno yakiisha, mifugo huachiwa, na shamba la mmoja huwa malisho ya wote. Hakuna anayeomba ruhusa, wala anayelalamika.

Alipochimba palikuwa zizi la marehemu mume wake. Udongo wake ni mweusi, umeshiba samadi ya miaka. Baada ya msiba ng'ombe waligawanywa, zizi likabaki tupu. Sasa shemeji yake, Mathayo, ambaye kundi lake lilikuwa limeongezeka, alilitaka.

"Shemeji, mboga zinaota popote," alimwambia.

"Kama zinaota popote, mbona kila kiangazi unakula mlenda mkavu?"

Mwaka huo nilipanga chumba kwa Lea, jirani wa Severina, na dirisha langu lilitazama uwanja huo. Mbele ya Lea, Severina na Mathayo wakakubaliana: mvua za kwanza zikiikuta bustani hai, uwanja ni wa Severina moja kwa moja. Zikiikuta imekufa, zizi linarudi. Mathayo alikubali haraka, kama mtu aliyepewa kitu bure.

Severina alichimba matuta ya kuzama chini, ili maji yasikimbie. Akapanda mchicha, nyanya, figiri, na miche ya mipapai kwenye kona. Akazungushia matawi ya miiba. Upepo wa Julai ulipoanza kuikausha miche, alisimamisha mabua ya alizeti upande unakotokea upepo huo. Kando ya kila mpapai alifukia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, maji yashuke polepole kwenye mizizi. Mwezi wa nane mchicha ulikuwa unafika magotini.

Ndipo akaharibu mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikikamuliwa, ni mbolea nzuri. Akachukua gunia mashineni, akayamwaga juu ya matuta, akayamwagilia. Jioni nzima upepo ulisambaza harufu yake kijijini.

Asubuhi miiba ilikuwa imelala chini. Ng'ombe walijaa bustanini, na katikati alisimama jike jekundu la Mathayo, analamba udongo. Mchicha hawakuula sana. Waliukanyaga tu wakitafuta mashudu.

Mathayo alikuja kuwaswaga, akicheka. "Umeandaa karamu, shemeji, halafu unashangaa wageni?"

Severina aliinama, akaokota udongo, akaunusa.

"Kweli," alisema. "Niliwaita mwenyewe."

Nilidhani ataingia ndani kulia. Akaingia, akatoka na koleo. Alikwangua mashudu yote, akajaza ndoo, akamkabidhi Mathayo. "Wapelekee. Wakashibe kwako."

Kisha akaja kukata minyaa kwenye ua wa Lea. Hakuna ng'ombe anayegusa mnyaa, lakini maziwa yake, ule utomvu mweupe, yakiingia jichoni ni balaa. Kwa hiyo Severina alijifunga kanga usoni na kuvaa miwani ya jua ya marehemu.

"Shikamoo, dereva wa bodaboda!" Lea alipiga kelele.

"Marahaba. Shika tawi hilo, acha kelele."

Vipande vilikaa kivulini mpaka maziwa yakakauka. Akavipanda kwa kubanana, nyuma ya miiba mipya.

Oktoba kisima kilipungua, foleni ya ndoo ikawa ndefu. Akaanza kumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo na ya kunawia. Hayakutosha. Siku moja nilimkuta anang'oa nyanya zilizokuwa zimeanza kuchipua upya. Nilimuuliza kwa nini.

"Siwezi kunywesha zote. Nikizihurumia zote, zitakufa zote."

Akabakiza mipapai na tuta moja la figiri. Kila alfajiri nilisikia kopo lake likigonga ndoo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, usiku. Kulipokucha Mathayo alifika na mkokoteni wa punda uliojaa nguzo za zizi. Jike jekundu lilifuata nyuma. Alisimama kwenye uwazi wa kuingilia, akaangalia ndani. Mipapai ilikuwa imempita kimo. Minyaa ilikuwa imechipua ncha za kijani.

"Hii ndiyo bustani?" akasema. "Tuta moja na mipapai?"

"Tulisema iwe hai. Nani alisema iwe kubwa?"

Mathayo alimgeukia Lea, shahidi wao. Lea alikuwa anamtazama ng'ombe, ambaye alinusa ua wa minyaa, akapiga chafya, akaondoka zake.

"Huyo ameshakubali," Lea alisema. "Bado wewe."

Mathayo alisonya, akashika hatamu za punda kumgeuza.

"Ngoja, shemeji," Severina alisema. "Mimi sina mlango. Niachie nguzo mbili."

"Unanifukuza, halafu unaniomba?"

"Sijakufukuza. Ukija kuchuma figiri utapita wapi?"

Mathayo akashusha mbili, akaomba jembe. Shimo la kwanza alilichimba yeye. Severina aliingiza mkono ndani, akaona halina kina cha kutosha, akamnyang'anya jembe.