Kosa la Mabano Lililomtaja Jovina

Nusu ya Ngara mnaijua habari hii kwa kuicheka, basi leo isikieni kwangu mimi niliyechekwa, maana nyie mmeishikia mkiani.

Kichwa chake ni mabano. Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Keza, na kuandika programu nilijifunzia chuo cha ualimu, kwenye kompyuta moja tuliyotumia wawili, mimi na Jovina, binti wa Kanazi, na kwa kuwa kila siku nilisahau kufunga mabano, kila siku alinipiga kiwiko, "Mwalimu, mabano!" (Kiwiko kile, jamani, hata leo ningekipokea kwa mikono miwili.) Tulipomaliza akapata kazi Dodoma. Nilimsindikiza stendi nikiwa na maneno kifuani tangu mwaka wa kwanza, gari likawashwa, nikasema, "Haya, safari njema." Basi. Miaka miwili sasa namkumbuka mpaka nikisikia mtu anacheka kama yeye sokoni nasahau nilichofuata.

Sasa, ile lugha ya programu tuliyojifunza imekua. Zamani ukikosea ilikutupia maneno makali ya Kiingereza. Siku hizi inakueleza kwa upole umekosea wapi, na watu wanaoiendeleza kwa kujitolea, wa kila nchi, wakaamua toleo jipya litaje makosa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Nikajitolea kutafsiri. Katika makosa niliyopangiwa, la kwanza likawa lipi? La mabano yasiyofungwa.

Nikapanda kilimani kwenye mtandao (kwetu mtandao unapandiwa), na kabla ya kuweka tafsiri yenyewe nikataka kuona kama maneno yanakaa vizuri. Wenye akili huandika "jaribio". Mimi nikaandika Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, kwa herufi ndogo, kilichokuwa moyoni: jovina garuka. Yaani, Jovina, rudi. Nikakaa nikiyatazama, chaji ikakaribia kuisha, nikatuma kazi yote haraka haraka nayo yakiwa ndani.

Kesho yake mhakiki wetu, dada mmoja wa Mombasa, akaniuliza kwenye grupu, "Mwalimu, jovina garuka ni istilahi?" Hapo ndipo pa kusema ukweli. Lakini grupu lina watu, nikaona aibu, nikajibu, "Ndiyo dada, ni istilahi ya kitaalamu." Akanishukuru sana.

Toleo la majaribio likatoka na watu wakaanza. "Jamani, leo nimepata jovina garuka tatu!" Mwingine, "Dawa ya jovina garuka ni nini?" (Hata mimi naitafuta, ndugu yangu.) Kila siku nilisema nitarekebisha na kila siku sikurekebisha, na niseme kweli, nilipenda kuona jina lake likitajwa na watu wengi hivyo, kana kwamba wote wananisaidia kumwita.

Toleo kamili lilipotoka, walimu na wanafunzi tukakusanyika ukumbini Ngara mjini kulisherehekea. Mtoa mada mimi. Mgeni wa heshima, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya ukumbi, mama yake Jovina (sikupanga mimi!). "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikaanza kuandika, jicho moja kwa mama, na kwa jicho hilo moja nikasahau nini? Projekta ikaanika ukutani, maandishi makubwa: Kosa, mstari wa tatu: jovina garuka.

Mombasa walisoma istilahi. Ngara walisoma Kihangaza. Ukumbi ulilipuka, mkuu wangu wa shule akawa anafuta machozi kwa tai. Mama akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Ni nini hicho, mwalimu?"

"Ni istilahi, mama."

"Istilahi nimeizaa mimi?"

Sikumbuki nilimalizaje. Wakati wa chai akanivuta pembeni, hacheki tena. "Mwanangu, ungesema mapema. Wageni walishakuja nyumbani, na Jovina amewakubali."

Nikarudi Keza, nikapanda kilima nikalifute kosa langu. Nikakuta kuna mtu alishatuma marekebisho, wiki tatu zilizopita, yanasubiri tu kupitishwa: "Mabano hayajafungwa." Tafsiri safi. Mtumaji, Jovina. Na pale pa kueleza sababu alikuwa ameandika, "Hii si istilahi. Nilisubiri aliyeiandika anipigie simu. Hakupiga."

Niliyapitisha mwenyewe. Tangu hapo nimeapa, neno la kumwambia mtu nitamwambia mtu, hata kama gari limeshawashwa, hata kama nitalikimbilia. Kompyuta zote za shule nimezitia toleo lililorekebishwa. Yangu bado. Vipindi vikiisha na wanafunzi wakiondoka, huwa naandika mistari mitatu, wa tatu siufungi mabano, nalisoma jina lake kidogo, halafu nafunga.