Kiyoyozi cha Jirani

Jirani yangu, karani wa reli hapa Jodhpur, ana tabia ya kukohoa kabla hajadanganya. Alikohoa siku aliponiambia ameachana na feni ya maji, lile sanduku la nyasi zilizoloweshwa ambalo halipozi mpaka ufungue dirisha. "Siku hizi ni kiyoyozi tu, dada." Kweli, kisanduku kimetundikwa nje ukutani, na madirisha yanafungwa mchana kutwa. Lakini mimi si mtoto. Kiyoyozi hutoa maji. Mpira wa kutolea maji wa hiki chake ni mkavu kama ulimi wa aliyefunga saumu, na mwenyewe hutoka ndani shati limemganda mgongoni, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Leo walikuwa wanakuja watu wa posa ya bintiye, Hansa, wale walioulizia kiyoyozi kabla ya kumwulizia binti. Nikachungulia juu ya ukuta. Jirani amechuchumaa chini ya kisanduku, anamimina maji ya birika kwenye mdomo wa mpira. Honi ikalia kichochoroni. Akainua macho, akaniona, akakohoa.

"Polepole, kaka," nikamnong'oneza. "Kiyoyozi hudondosha, hakikojoi."