Viti vya Nyar Mfangano

Kila serikali ilipotembelea Rodi Kopany, iliketi juu ya viti vya Benta. Iwe sikukuu, iwe baraza la amani, asubuhi na mapema Wesley, naibu wa chifu, alifika mlangoni pake na wanaume wanne wa kubeba.

"Nyar Mfangano," alimwita, yaani binti wa Mfangano, kwa jina la kisiwa alikozaliwa, kama wanavyoheshimiwa wake walioolewa pande hizo. "Wageni wako njiani. Viti zetu ziko tayari?"

"Ziko, Jaduong'," alijibu, kwa neno la kumheshimu mzee. "Nimezipangusa."

Zetu! Na Wesley hakuwa amepigilia hata msumari mmoja. Vile viti, kochi la watu watatu na viwili vya mtu mmoja mmoja, vilitengenezwa na marehemu Japheth, mume wa Benta, kwa mbao za mvule alizozikusanya kipande kwa kipande. Alivimaliza mwaka wa tisini, na kabla mwaka haujaisha akazikwa. Benta akavifumia vitambaa vyeupe, akawa anavifua kila Jumamosi, na yeye mwenyewe akikaa kwenye kigoda jikoni. Noordin, mwenye duka la nguo kando ya stendi, alikuwa na makochi mazuri kuliko hayo. Lakini Noordin alimwambia Wesley mara moja tu, tena akicheka, kwamba makochi yake hayajui kutembea. Hakuulizwa tena.

Barazani kila mtu alijua mahali pake bila kuonyeshwa. Bwana DO, ofisa wa tarafa, kwenye kochi, chifu na mchungaji kwenye viti vya pembeni, wafanyabiashara na wazee kwenye mabenchi ya shule, na raia chini kwenye nyasi, wanawake nyuma kabisa. Benta alifuata viti vyake njia nzima akiwaonya wabebaji wasikwaruze miguu. Vikishapangwa chini ya turubai, alikwenda kuketi juani na wenzake, wala hakuona ubaya. Akimwona DO ameegemea kitambaa chake, alimgusa jirani: "Unaona vile ametulia?"

Usimcheke. Mtu aliyeketi kwenye kiti chako na kunywa chai yako hawezi tena kukugeuka, na wewe huwezi kumsema vibaya mbele za watu. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfunza kule kisiwani, na Japheth aliamini hivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Benta alikuwa na hakika kwamba siku akihitaji kupona, atapona.

Siku hiyo ilifika Februari ya mwaka wa tisini na sita. Watu wa barabara walipita na rangi nyekundu, wakachora X kubwa, alama ya kubomolewa, kwenye nyumba kumi na moja zilizopakana na lami. Ya Benta ilikuwa ya tatu: vyumba viwili vya matofali, cha mbele akiuzia chai na mandazi. Hakuwa na pengine. Shamba la marehemu mumewe, shemeji zake walishalilima lote, hadi kwenye kaburi lenyewe.

Scovia, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliandika barua kwa mkuu wa wilaya, akapita mlango kwa mlango kutafuta sahihi.

"Weka kidole hapa, mama. Tuko watano. Wewe ukiweka, wengine watafuata."

"Nishtaki serikali?"

"Si kushtaki. Tunaomba tu watupatie mahali pengine."

"Scovia, ma-DO watatu wamekaa kwa viti yangu. Wamekunywa chai yangu. Leo nipeleke jina ya mgeni wangu kwa mkubwa wake? Hiyo ni aibu. Atanikumbuka mwenyewe."

"Kwani anajua jina yako?"

Benta alikasirika. Alimwambia Scovia kwamba wasichana wa siku hizi hawana adabu ya wageni, akarudi kukanda unga wake. Na kweli, wale wengine watano walipoona Nyar Mfangano amekataa, nao wakakataa. Barua ikaenda na sahihi tano.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne Wesley akaja na watu wake wanne. Benta alishangaa, kwa kuwa baraza halikutangazwa.

"Leo tuna mgeni gani, Jaduong'?"

Wesley alitazama chini. "Toa tu vitambaa, mama. Viti tunapeleka ofisi ya chifu, zisiharibike."

Moyo wa Benta uliruka kwa furaha. Amekumbukwa! Kama wanamtolea vitu, basi wamempatia pa kwenda. "Ero kamano," alisema, asante sana, na akawashikia mlango. Wanaume wale walivibeba viti kwa uangalifu mkubwa, wakavuka navyo barabara. Kitanda hawakukigusa. Kabati hawakuligusa, wala sufuria za mandazi. Hawakurudi. Kisha tingatinga likanguruma kutoka upande wa Rongo, na hapo ndipo alipoelewa. Akaketi juu ya changarawe kando ya lami. Kufikia saa tatu nyumba yake ilikuwa lundo la matofali.

Wale watano wa barua walibomolewa pia. Lakini wao waliitwa mapema, wakaonyeshwa vipande vya ardhi nyuma ya soko la ng'ombe ili wasipige kelele. Sita walionyamaza hawakuwa na karatasi yoyote kwenye faili, na asiye na karatasi hana shida. Scovia alimpokea Benta katika banda lake jipya la mabati na, Mungu ambariki, hakumkumbusha neno.

Siku ya Madaraka Benta alikwenda barazani kama kawaida, akaketi nyuma kwenye nyasi. Viti vilikuwa mbele, vimetandikwa vitambaa vya kijani vya ofisi. Alikuwa amepanga maneno yake tangu alipoamka: mimi ni mjane, mlikaa kwangu, nyumba yangu mmeivunja, nilale wapi.

Bwana DO alisimama. "Watu wa Rodi, nimefurahi. Kwingine barabara ikipita, watu wanarusha mawe. Hapa hakuna hata mmoja amelia. Tajiri na maskini, wote kitu kimoja. Hiyo ndiyo amani! Tena naambiwa kuna mama mzalendo ametoa viti hivi kwa serikali. Yuko wapi? Asimame tumwone!"

Wesley alimwonyesha kwa kidole. Benta akasimama. Umati wote uligeuka, na DO akamtazama kama mtu amtazamavyo asiyemjua.

"Bwana DO," alianza, "nyumba yangu…"

"Makofi kwa mama!" chifu akaamrisha.

Wakapiga makofi, na wale watano walionyamaza pamoja naye wakapiga pia. Benta alingoja yaishe ili aendelee. Yalipoisha, DO alikuwa ameshaingia kwenye habari za pamba, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamvuta sketi.

"Keti, mama. Hatuoni."

Akaketi.