Boksi Moja la Wali

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye foleni ya kimgahawa cha Mchina hapa Rexdale, ughaibuni, pale unaponunua chakula ukaondoka nacho. Mama mmoja mwenye sare ya kiwandani alipokea boksi lake la wali wa kukaanga, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akalifungua. Kisha akatunyooshea boksi sote.

"Karibuni."

Mmoja alirudi nyuma hatua moja, mwingine akatazama viatu vyake.

"Karibuni jamani," alirudia, akaongeza kwa Kiingereza kwamba chakula ni kingi. Mkono haukushuka.

"Kula, mama, kitapoa," mwenye mgahawa alimwambia kwa Kiingereza hichohicho.

"Siwezi kula huku watu wananitazama. Kwetu hatuli hivyo."

Mchina aliweka mwiko chini, akazunguka kaunta, akachota kijiko kimoja cha wali wa mama, akatafuna mbele yetu. "Asante," akasema. Hapo ndipo mama alipoanza kula.

Hakutaka hata tule. Alitaka mtu amjibu tu, "Asante mama, endelea." Jibu hilo nalijua tangu utotoni. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, nimekazia macho menyu ya ukutani, kama sijui Kiswahili.