Kurasa za Mtu Asiyekufa

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Kabasa, mjini Bunda, kwenye kibaraza cha fundi mmoja mzee tuliyemwita Babu Fundi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimeshaanza kutoroka shule, na yeye ndiye aliyeniazima kitabu kisicho na jalada: riwaya ya Ulaya ya karne ya kumi na tisa, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kuhusu tajiri aliyejifungia na vitabu vya uchawi akapika dawa ya kutokufa. Kila alasiri nilimsomea bibi yangu, aliyeletwa kwetu Manyamanyama kutoka Butiama, miguu imevimba, pumzi fupi. Niliamini kila neno. Nilitaka kujua dawa ile ilipikwaje, nimpikie.

"Huyo bwana ana miaka mingapi sasa?" bibi aliuliza.

"Mia mbili, bibi."

"Na mke wake?"

"Alikufa. Na watoto wote."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa anakulaga na nani? Mke mwenza," ndivyo alivyozoea kunitania mimi mjukuu wake, "huyo hajapona. Huyo amesahauliwa."

Sikuyatilia maanani. Kitabu kiliishia pale tajiri anapofungua sanduku lenye maandishi ya dawa. Kurasa zilizobaki hazikuwepo. Nikamrudia Babu Fundi, akakuna kichwa. "Karatasi yake ilikuwa ngumu, mjukuu wangu. Nilikatia vipande vya kupimia kola, nikawagawia vijana niliowafundisha." Basi siku nne nilizunguka kwa mafundi wa Bunda nzima, nikisoma kola za karatasi moja baada ya nyingine, mistari iliyokatwa katikati, imejaa chaki. Jioni nilirudi miguu ina vumbi, bibi akaniuliza, "Leo tena hatusomi?" Nikamjibu, "Kesho, bibi. Dawa iko karibu." Siku ya nne nilikuta uani kwetu wanawake wameketi chini, na mama amevua kilemba.

Tangu hapo nimehangaika sana, Musoma, Bukima, kazi hii na ile, nikisoma vitabu vya namna hiyo kila ninapovikuta kwenye meza za mitumba. Naona walioviandika walikuwa watu waliozika sana. Siku hizi Bunda ina duka la dawa karibu kila mtaa, na vidonge vya moyo ningempatia bibi kabla chai haijapoa. Ila leo mtu akinipa chupa ya dawa ya tajiri yule, miaka mia mbili siitaki. Ningeomba alasiri zile nne.