Mama Mvuke na Uyoga wa Mwisho

Mama Mvuke hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, tena kwa jasho. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima vilimwishia hospitalini, katika chumba cha chini ambako mikasi na visu vya upasuaji huletwa vichafu na kuondoka visafi. Humo mvuke ulimfuka usoni tangu asubuhi, na hakuna chombo kilichopita mikononi mwake kikatoka na mdudu, hata wa dawa. Alipostaafu, kazi aliiacha hospitalini lakini tabia akarudi nayo nyumbani. Vijiko vilichemshwa, vitasa vya milango vilipanguswa kwa spiriti, na mume wake, fundi cherehani mwenye maneno mengi, aliwaambia wageni kwamba yeye hukaa karibu na mlango, maana akizubaa naye atatiwa sufuriani.

Wifi yake, dada wa huyo fundi, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mjane, akiishi nyumba ya pili kutoka hapo, na kucha zake hazikukosa udongo. Chumba chake cha uani alikigeuza shamba la uyoga: mifuko ya mabua makavu imening'inia kutoka darini, uyoga unachomoza ubavuni kwa mafungu. Mawifi hawa walinuniana tangu harusi, wakapatanishwa na msiba uliomwacha wifi mjane, na tangu hapo hawakupitisha siku bila kutaniana.

Sasa balaa lenyewe. Mtu aliyekuwa akimuuzia wifi mbegu ya uyoga aliacha biashara, na bila mbegu ile mifuko ni takataka tu. Mtoto wa wifi, anayeishi mbali sana, akapata la kusema: mama ahame, akakae naye, ya nini kuhangaika peke yake? Wifi akakubali kwamba akivuna fungu la mwisho na mbegu haijapatikana, atafunga mlango aende. Alilisema akicheka, ila Mama Mvuke hakuona cha kuchekesha. Hakuwa na rafiki mwingine duniani, na hakujidanganya juu ya hilo. Angebaki na nani? Na mume na cherehani yake?

Basi akajitwisha mzigo. Alisikia kwamba mbegu ya uyoga huoteshwa kwenye nafaka iliyochemshwa, na kuchemsha ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wifi akamweleza alichokijua. Unalowesha mtama, unauchemsha uive bila kupasuka, unautandaza kwenye kitambaa mpaka ukauke nje huku ndani una maji. Unautia kwenye chupa za mdomo mpana, vifuniko vimetobolewa na matundu yamezibwa kwa pamba, kisha chupa zinaingia kwenye sufuria ya presha. Zikishapoa unapenyeza humo kipande cha nyama ya uyoga mbichi. Kikikubali, kinatoa utando mweupe unaotambaa punje hadi punje, na mtama uliovaa huo utando ndio mbegu yenyewe.

Loo, jiko lilifungwa! Madirisha yalizibwa, meza ikasuguliwa mpaka rangi ikakimbia, na fundi cherehani akapigwa marufuku kuingia hata kwa kunywa maji. Alienda kuomba chai kwa majirani, akisema kwake kuna upasuaji.

Chupa za kwanza zilikaa kabatini safi kama zilivyoingia. Hazikuwa na ukungu wala harufu, na utando pia haukuwapo. Mama Mvuke alijisifu, akamwita mume aje aone mtama usio na doa. Mume akatazama, akauliza uyoga uko wapi. Swali lilimkera. Akarudia kazi kwa ukali zaidi, akachemsha muda mrefu zaidi na kupangusa maradufu, na chupa zikamkalia kimya vilevile. Huko kwa wifi mifuko ilizidi kuchoka, mafungu yakapungua, na viti vya sebuleni vikaanza kugawiwa majirani.

Siku wifi alipokuja na uyoga wa mwisho ndani ya bakuli, alisema leo hatoki jikoni, anataka kuona kwa macho yake. Mama Mvuke alikataa, akabembelezwa, mwishowe akamfunga kitambaa mdomoni na kumsugua mikono mpaka wifi akauliza kama ngozi nayo inatakiwa itoke.

Kazi ikaanza. Mama Mvuke aliukata uyoga katikati, akachonga kipande cha ndani na kukichovya kwenye spiriti. Akapitisha kisu chembamba motoni mpaka kikawa chekundu, na papo hapo akakichomeka kwenye kile kipande. Kipande kikalia chwii.

Wifi akamshika mkono. "Wifi, hicho bado ki hai?"

Mama Mvuke akamjibu kwamba kule kazini kitu usichokiamini unakichoma, basi.

"Kazini ulikuwa unaua," wifi akasema taratibu. "Hapa tunazalisha. Umempika mtoto ukidhani unamwogesha."

Mama Mvuke alinuna. Yaani usafi wake ndio kosa, tena anaambiwa na mwenye udongo kuchani! Kidogo amtoe nje. Lakini akakitazama kile kipande kilivyosinyaa, akazikumbuka chupa zote zile zilizokaa kimya, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameua kwa mkono wake kile kile alichokuwa akikililia.

Ilibaki nusu ya uyoga. Wifi akasema ndani ya uyoga hamjawahi kufika mkono wa mtu, kwa hiyo hakuna cha kuosha. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwa Mama Mvuke: kuamini kwamba kuna kitu kisafi ambacho hakukisafisha yeye. Akaipasua ile nusu kwa vidole, bila kugusa ndani. Akapitisha kisu motoni, halafu akasubiri kipoe, na kule kusubiri kulimtesa kuliko kazi yote. Wifi alimwambia apumue. Akanyofoa vipande, akavitumbukiza chupani, akaziba.

Tangu hapo wifi alijishughulisha na kufunga mizigo. Mama Mvuke naye akazifungia chupa kabatini. Chupa moja iliota ukungu wa kijani. Zamani angeangua kilio, safari hii aliitupa nje bila kuifungua. Zile nyingine alizichungulia kila alfajiri, midomo imekaza, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Wifi akaja kuaga, begi mkononi na viatu vya safari miguuni. Mama Mvuke hakumkaribisha kiti. Alikwenda kabatini, akarudi na chupa, akamwekea mikononi. Mtama haukuonekana tena humo, ilikuwa nyeupe tupu mpaka shingoni. Wifi akaizungusha, akaikumbatia kwa viganja viwili, uso ukambadilika.

"Ina joto," akasema. "Umeitoa sufuriani sasa hivi?"

"Sufuria haijapanda jikoni tangu siku ile. Hilo joto ni lake mwenyewe."

Maisha yake yote Mama Mvuke alikuwa akikabidhi watu vitu vya moto, na ndani yake hakukuwa na kilichobaki hai. Hiki kilikuwa cha kwanza, na alikuwa amempa wifi yake.

Wifi aliketi palepale kizingitini, chupa mapajani, akaanza kufungua kamba za viatu. Kaka yake akachungulia, akauliza kama begi alipeleke stendi. Akaambiwa alirudishe nyumbani, na akipita kwa majirani adai vile viti.