Mwenzetu wa chuo cha udereva aliyeachia usukani ili asalimie wazee

Wakuu, amani iwe kwenu na majumbani mwenu.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa siti ya nyuma, nimeng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili huku midomo ikiomba kimyakimya. Mungu ni shahidi, na mke wangu pia, maana nilimsimulia kila jioni.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Tunduma. Nilipostaafu, watoto wangu walichanga wakaninunulia gari dogo. Namshukuru Mungu kwa watoto hao, ila hawakujiuliza kama baba yao anajua kuendesha.

Gari likakaa uani. Mke wangu akaanza kuanika dagaa juu ya boneti. Nikaona aibu, nikajiandikisha chuo cha udereva pamoja na watu wa rika la wanangu.

Gari letu la mafunzo lilikuwa na wanafunzi wanne. Mimi, Mama Neema muuza vitenge, Boni anayebadilisha kwacha kule mpakani, na Yoramu kutoka kijiji cha Ihanda, wilayani Mbozi.

Yoramu ni mtu mzima, ana mke na watoto, mwili mkubwa, moyo mpole. Ila kukaa na watu kunampa shida. Akiongea na wewe hajui macho ayaweke wapi. Kichekesho kikitolewa sisi tunacheka, yeye kimya. Tukishahamia habari nyingine, tena za msiba wa mtu, ndipo kinamfikia, anacheka peke yake kwa sauti.

Kikundi cha wakulima wa kahawa kijijini kwao kilinunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kubebea mazao na wagonjwa, kikamchagua yeye awe dereva kwa sababu hanywi pombe. Kirikuu kilikuwa kimeegeshwa kwa baba yake mdogo kikisubiri leseni yake. Alisema kuku wameshaanza kutagia kwenye siti. Asipopata leseni kitaenda kwa shemeji yake, ambaye anakunywa kwa ajili ya ukoo mzima.

Sasa kwa wasiojua desturi za huku. Vijijini Mbozi, mdogo akikutana na mkubwa anachuchumaa na kupiga makofi ya taratibu. Mkubwa anaitikia, ndipo kila mtu anashika njia yake. Sisi wa mjini tumeipunguza sana hiyo. Yoramu hakuwa amepunguza kitu.

Kila asubuhi alinichuchumalia mimi, kisha mwalimu Sichone. Siku moja alimchuchumalia hata mzee aliyepita anauza mkaa. Yule mzee akashika magunia yake, akidhani anaombwa.

Hayo yote ni mema. Shida ilianza aliposhika usukani.

Siku yake ya kwanza barabarani, njia ya kwenda Mpemba, mzee mmoja alikuwa anakokota baiskeli pembeni. Yoramu alipomwona tu, akaachia usukani, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Gari likaenda linakotaka lenyewe.

Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake. Magari ya mafunzo yana breki mbili, wakuu, na siku hiyo nilielewa kwa nini.

"Yoramu, unafanya nini?"

"Namsalimia mzee, mwalimu."

"Na mikono ya kuendeshea iko wapi?"

"Ni hiihii, mwalimu. Sina mingine."

Boni alicheka mpaka akatoa machozi. Kuanzia hapo Yoramu akaitwa Makofi. Kila tukimpita mtu mwenye mvi, Boni anajikunja pale siti ya nyuma na kupiga makofi, pwa pwa pwa, huku Mama Neema akijifuta machozi kwa kitenge. Wiki hadi wiki. Hata chuoni, akimwona mwalimu anakuja, Boni anapiga makofi.

Nilijaribu kukemea. Niliwasimulia habari ya wale vijana waliomdhihaki nabii mwenye upara, dubu wakatoka msituni wakawararua.

Boni akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Baba, huku kwetu Songwe dubu wapo?"

"Labda Mbangala huko porini," akasema Mama Neema.

Somo langu likafia hapo.

Kisha ikaja siku ya nyanya. Yoramu alikuwa anaendesha vizuri tu. Boni akapaza sauti kutoka nyuma: "Makofi, mzee kushoto!"

Hapakuwa na mzee kushoto. Palikuwa na meza ya nyanya na mama mwenye nyanya zake. Lakini mikono ilishaachia usukani. Mwalimu alikanyaga breki, bampa ikaibusu meza, nyanya zikabingirika hadi mtaroni.

Tulishuka wote kuokota. Yoramu akaenda kuchuchumaa mbele ya yule mama, akapiga makofi ya kuomba radhi.

"Unanipigia makofi," mama akasema, "kwani nimeimba?"

Mwalimu Sichone ni mtu wa maneno machache. Alimwambia Boni kwamba akipiga kelele tena ndani ya gari atarudi kwa miguu. Kisha akamgeukia Yoramu. "Ukiachia usukani mara nyingine, sikupeleki kwenye mtihani wa trafiki. Sitaki kumzika mtu."

Jioni hiyo Yoramu, ambaye huniita tata, yaani baba, alinifuata macho yakiwa kwenye viatu vyangu. "Tata, kesho narudi nyumbani. Kirikuu wampe shemeji."

"Kwa nini usiwapite tu hao wazee? Wao hata hawakuoni."

"Nimejaribu, tata. Nikimpita mkubwa kimya, nakosa amani mpaka nirudi nimsalimie."

Nililala nikimwomba Mungu hekima, kwa sababu yangu ilikuwa imeisha. Asubuhi, mke wangu alikuwa anamuaga mgeni, akamwambia, "Wasalimie wote huko." Mgeni akajibu zimefika. Nikaacha chai yangu mezani.

Salamu hutumwa, wakuu. Tangu zamani hutumwa, na mtu mmoja huzipokea kwa niaba ya wengine.

Nikamkuta Yoramu stendi na mfuko wake. Nikamwambia, "Mimi ni mkubwa wako au si mkubwa wako?"

"Ni mkubwa wangu, tata."

"Basi leo, kabla hujapanda gari, nisalimie mimi kwa niaba ya wazee wote tutakaowapita. Nitaitikia kwa niaba yao. Ukishaingia garini huna salamu uliyobakiza."

Basi la kwenda kwao likaondoka bado anafikiri. Kisha akauliza, "Na yule bibi wa kule Mpemba, tunayempita kibarazani kwake kila siku, naye pia?"

"Na bibi wa Mpemba pia."

Akachuchumaa palepale stendi. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku kabla ya somo. Salamu zilikuwa ndefu mpaka mwalimu anazima injini kuokoa mafuta. Lakini mikono haikuachia usukani tena. Akimwona mzee anapunguza mwendo, anainamisha kichwa kidogo, anapita.

Siku ya mtihani, afande wa trafiki alikaa mbele, sisi tukajipanga nyuma. Yoramu alitangulia. Kwenye kivuko, bibi mmoja mwenye jembe begani akaanza kuvuka, tena taratibu kama anayepima barabara kama itamfaa. Yoramu akainamisha kichwa kidogo. Vidole vikabaki kwenye usukani. Akasimamisha gari, akasubiri mpaka bibi akafika ng'ambo kabisa.

Afande akamuuliza, "Unamfahamu?"

"Hapana, afande. Ni mkubwa."

Yoramu akapita mtihani.

Ikaja zamu ya Boni. Aliendesha kwa madaha, mkono mmoja. Tukakaribia kona, mzee mwenye fimbo amesimama pembeni.

Wakuu, sijui niseme nini. Mikono ya Boni ikaruka juu. Pwa pwa pwa.

Safari hii aliyekanyaga breki ni afande. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye lundo la mchanga.

"Kijana, unampigia nani makofi?"

Boni alikuwa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Afande, imekwenda yenyewe."

Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mimi na Mama Neema tulipita kwa neema ya Mungu, hasa mimi.

Mwalimu akashika usukani, tukaanza kurudi. Hakuna aliyecheka, Boni alikuwa amenyong'onyea mno. Tumefika karibu na foleni ya malori, mwalimu anatueleza habari za picha za leseni, mara Yoramu akaanza kucheka. Mwenyewe, kwa sauti, mwili wote unatikisika. Kichekesho kilikuwa kimemfikia.

Boni alimtazama, akajaribu kununa, akashindwa. Tukacheka wote mpaka mwalimu akaegesha gari.

Kesho yake Boni alinifuata kanisani. Akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nami naomba nikusalimie kwa niaba ya wote." Nikamwitikia. Mtihani wa pili alipita.

Nilichojifunza: ukimwiga mwenzako kwa dhihaka kila siku, mikono yako haijui kuwa ulikuwa unatania.

Waliowahi kusoma ukubwani, tuambieni mliwafanyaje wenzenu wa aina ya Boni. Na mlioko njia ya Ihanda, mkikuta kirikuu kinapunguza mwendo mbele ya kila bibi, msikipigie honi.

Anasalimia.